Mtugutu Ukikusumbua: Kuanzia Pingili Isiyoota hadi Homa Inayorudi

Mtugutu ni mti wa uani. Unasimama pembeni mwa migomba, kwenye mpaka wa kiwanja au nyuma ya jiko, na hakuna anayeuhangaikia mpaka siku mtoto ashikwe na tumbo au mtu atamani mboga chungu. Kagera wanauita mubirizi, na jina hilo utalisikia pia Rwanda, Burundi na Kivu. Waganda wanauita mululuza. Wataalamu wa mimea waliuzoea kama Vernonia amygdalina, na siku hizi wengi wao wameuhamishia kwenye jenasi ya Gymnanthemum. Ni wa jamii ya alizeti, ingawa kwa kuutazama tu huwezi kukisia.

Malalamiko juu yake ni mengi, ya shambani, ya jikoni na ya chumbani kwa mgonjwa, na ukiyafuatilia mengi yanaishia kwenye jambo moja: uchungu. Anayepika anataka utoke. Anayetengeneza dawa anataka ubaki. Jani ni lile lile, na shida huanza pale mtu anapochukua utaratibu wa huku akaupeleka kule. Kwa hiyo kabla hujatafuta chanzo cha tatizo lako, jiulize kwanza umechuma kwa ajili ya sufuria au kwa ajili ya kikombe.

Una shaka kama ni mtugutu kweli

Umeletewa mche, umeupanda, umekua, lakini kuna kitu hakikai sawa. Majani ni makubwa kupita kiasi, au ukikata kikonyo kinatoka utomvu mweupe, au yametokea maua ya zambarau.

Utomvu mweupe unamaliza mjadala hapo hapo. Mtugutu hauna maziwa. Mchunga unayo, na mchunga nao ni mboga chungu na ni wa jamii hiyo hiyo kubwa ya alizeti, lakini huo ni mmea laini wa shambani, si kichaka chenye shina la mti. Kichaka chenye maziwa kina uwezekano mkubwa wa kuwa ndugu wa mnyaa, na ukoo huo si wa kuonja-onja.

Maua ya zambarau pamoja na majani mapana mno, hasa ukiwa nyanda za juu kandokando ya msitu, ni dalili ya ndugu yake mwingine ambaye haliwi. Maua ya mtugutu ni meupe, madogo, yamejikusanya vichwa vichwa kwenye ncha za matawi, na nyuki hawayabanduki. Shina la zamani lina gome la kijivu au kahawia, kavukavu. Jani ni pana katikati na limechongoka huku na huku. Upande wa chini rangi imefifia na ukilipapasa unakuta manyoya mafupi, laini.

Yote hayo yakikubali, ndipo uonje: kipande kama ukucha wa kidole cha mwisho, tafuna, tema. Kama ni wenyewe hutauliza mara ya pili. Ila ujue kwamba mti na mti hutofautiana kwa ukali. Cameroon wana ndugu yake mwingine, Vernonia hymenolepis, wanaompenda jikoni kwa sababu uchungu wake ni mdogo. Kwa hiyo mtu aliyekwambia alipika bila kuosha huenda hakudanganya. Alikuwa na jani lingine.

Pingili zinaoza au zinakauka bila kuchipua

Huu ni mti unaochipua hata ukitumiwa kama nguzo ya uzio, kwa hiyo pingili zikikataa mfululizo kuna jambo umelikosea waziwazi.

Zikioza kuanzia chini, zikawa nyeusi na laini, ama umekata tawi changa la kijani ama shimo linatuamisha maji. Chukua tawi lililokomaa, la rangi ya kahawia, nene kama kidole gumba, urefu wa sentimita 20 hadi 30, lenye macho kadhaa. Lipande likiwa limelala kidogo badala ya kusimama wima, na acha macho mawili au matatu juu ya udongo. Upande wa chini ukate mshazari na wa juu ukate bapa, maana tawi likishanyonyolewa majani ni rahisi sana kulipanda kichwa chini, na likipandwa hivyo mara nyingi halifiki popote.

Zikichipua vizuri, zikatoa majani mawili matatu ya kupendeza, kisha zikanyauka ghafla, usikimbilie kumlaumu mdudu. Pingili ilichipua kwa akiba iliyokuwa ndani ya shina, mizizi bado. Majani yakaanza kudai maji na hakuna wa kuyaleta. Dawa yake ni kivuli chepesi, udongo wenye unyevu wa kudumu, na kupunguza majani ukiona yamekuwa mengi kabla ya wakati. Ukishapanda, usivute kila asubuhi kuangalia kama imeshika; hivyo ndivyo mizizi michanga inavyokatika.

Zikikutwa zimeliwa na kubaki ganda lenye udongo ndani, ni mchwa. Ondoa samadi isiyooza na nyasi kavu karibu na shina, halafu zungushia jivu. Panda mwanzoni mwa mvua, masika au vuli kutegemea ulipo. Anayepanda kiangazi anawapandia mchwa.

Mti umerefuka, majani ni machache na magumu

Hapa tatizo ni uvivu wa panga. Mtugutu ukiachwa unapanda mita nne, tano, hata zaidi, majani yote yanahamia juu, na yale unayoyafikia ni ya zamani, yenye nyuzi. Ukianza kutoa maua, ndiyo kabisa: nguvu inakwenda kwenye mbegu.

Ukate kwenye usawa wa kifua, mvua zinapoanza. Usiogope, utachipua pembeni matawi mengi zaidi ya uliyokata. Kisha badilisha namna ya kuchuma. Watu wengi huvuta jani mojamoja kutoka kwenye tawi na kuacha ncha iendelee kurefuka. Kata ncha nzima yenye majani machanga, na tawi litagawanyika. Ua ukiliona linajiandaa, likate. Ukifanya hivyo, mti mmoja unatosha nyumba nzima kwa mboga, na dawa haihitaji hata robo yake.

Madoa, masizi, matobo

Wadudu hawaupendi sana, kwa sababu ile ile ambayo watoto hawaupendi. Ukiona masizi meusi juu ya majani na sisimizi wakipandana kwenye shina, geuza jani: utakuta vidukari au nzi weupe upande wa chini. Maji ya sabuni ya kawaida, kwa siku kadhaa, yanatosha. Madoa ya kahawia wakati wa mvua nyingi ni ukungu. Punguza matawi hewa ipite.

Jambo linalonisumbua zaidi si mdudu bali jirani. Mtugutu mwingi uko mpakani, na ng'ambo ya mpaka kuna nyanya au kahawa zinazopigwa dawa. Jani ni lile lile, halina doa wala harufu, na mtu anachuma alfajiri anampikia mtoto. Muulize jirani amepuliza lini. Kama hujui, chuma upande mwingine wa kiwanja, au panda wako mahali palipojificha. Sumu ya kupulizia nyanya haitoki kwa kufikicha wala kwa magadi.

Mboga haiingii mdomoni

Hili ndilo tatizo la wengi, na lina sababu zake. Kwetu mtugutu unajulikana zaidi kama dawa, kwa hiyo anayejaribu kuupika huanza na mazoea ya mchicha: anaosha, anakata, anachemsha, anaunga. Matokeo ni mboga ambayo hata baba mwenye nyumba anamsogezea mbwa.

Wanaojua kuupika ni watu wa Afrika Magharibi na Kati. Cameroon kuna ndolé, mboga ya majani haya iliyoungwa kwa karanga za kusaga, kamba na nyama, inayowekwa mezani siku za wageni. Nigeria, Waigbo wana mchuzi wao wa onugbu. Jirani yangu mmoja mzaliwa wa Douala, aliyekaa Dar es Salaam muda mrefu, aliniruhusu nisimame karibu na beseni lake. Alichuma ncha changa, akavua uti wa kati wa kila jani, akakatakata nyembamba, akanyunyiza chumvi ya mawe, kisha akaanza kufikicha kwa viganja vyote viwili kana kwamba anafua. Maji yakawa kijani kibichi, mazito, na povu jeupe likapanda mpaka likamwagika ukingoni. Akamwaga, akajaza, akafikicha tena. Nikamuuliza, "Dada, huwa unaosha kwa maji mangapi?" Akacheka. "Mdogo wangu, usihesabu maji. Ngoja povu lichoke."

Povu lile si uchafu wala si dalili kwamba mti wako una sumu ya ajabu. Jani lina saponini, vitu ambavyo hutoa povu kama la sabuni, na vinatoka pamoja na sehemu ya uchungu. Povu likipungua na maji yakiwa meupe-meupe, uko karibu.

Sasa tazama ni wapi ulikwama.

Uliosha majani mazima? Uchungu uko ndani ya jani, si juu yake. Maji yakipita juu ya jani lisilochubuliwa yanaondoa vumbi tu. Lazima uliponde au ulifikiche mpaka livunjike.

Uliosha kwanza ndipo ukakata? Kila ulipopitisha kisu umefungua mlango mpya, na uchungu ukatokea sufuriani. Kata kwanza.

Ulichemsha na kuunga kwenye maji yale yale? Umeuhamisha uchungu kutoka kwenye jani kwenda kwenye mchuzi. Maji ya kuchemshia yamwagwe, majani yakamuliwe kwa mkono mpaka yabaki kama donge, ndipo yaingie kwenye kitunguu.

Ulionja ukaona umetoka, ukapika, ukaukuta umerudi? Hapo ulidanganywa na chumvi. Chumvi hufunika uchungu ulimini. Kama ulionja jani likiwa bado na chumvi ya kufikichia, ulionja chumvi. Suuza kwa maji matupu, kamua, onja tena.

Majani yalikuwa ya zamani, magumu, ya chini? Yaache. Utafikicha mpaka viganja vichubuke, na yakilainika bado yatakuwa na nyuzi.

Kuhusu viganja: wapo wanaowashwa au kutoka vipele wakishika majani haya mabichi. Mimea ya jamii ya alizeti ina tabia hiyo kwa baadhi ya watu. Vaa glovu, au tumia kinu, na kama midomo inavimba ukila, basi mboga hii si yako.

Baada ya kuosha, mafuta ndiyo yanayomalizia kazi. Karanga za kusaga zinafunika uchungu uliobaki, tui zito la nazi pia. Nyanya nyingi hazisaidii, kwa maoni yangu. Uchachu na uchungu vikikutana vinachokozana. Na sukari, tafadhali, usiweke.

Uchungu umetoka, na mboga nayo imetoka

Kuna anayeogopa uchungu kiasi kwamba anaweka magadi kijiko kizima na kuchemsha saa nzima. Anapata uji wa kijani unaoteleza, wenye ladha ya sabuni. Magadi yanalainisha jani haraka na kulibakiza kijani, lakini yakizidi yanaliyeyusha, na yanaharibu vitamini C na baadhi ya zile za kundi B. Ncha ya kijiko kwa sufuria ya familia inatosha, na dakika chache za kuchemka. Wenye presha wakumbuke kwamba magadi na chumvi vyote vina sodiamu. Wao wategemee kufikicha zaidi, na suuza ya mwisho iwe nzuri.

Mboga ikigeuka rangi ya kaki, huenda uliweka limau au ndimu mapema. Asidi hubadili rangi ya kijani. Kamulia sahani ikiwa mezani.

Na usitafute kuumaliza uchungu wote. Uliobaki kidogo, wa kuonekana mwishoni mwa tonge, ndio unaoifanya mboga hii istahili taabu. Ukitaka isiyo na uchungu kabisa, mchicha upo sokoni na ni wa bei nafuu.

Maji yale ya kwanza ya kijani, yaliyofikichwa kwa chumvi, mwaga. Naandika hivi kwa sababu wapo wanaoyaweka kando wakisema "hii ndiyo dawa yenyewe, tusiipoteze." Ni kweli yana uchungu wote wa majani ya sufuria nzima, pamoja na chumvi kiganja, na hakuna mganga mwenye akili anayetoa kipimo cha namna hiyo. Hapo ndipo sufuria na kikombe vinapogongana, na tatizo linalofuata linaanzia.

Umekunywa, tumbo linakata, unaharisha au kutapika

Kipimo kimezidi: hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya kuifikiria. Uchungu wa mtugutu unatokana na kemikali zenye nguvu, mojawapo ikiitwa vernodalini, na nyingi zaidi ziko kwenye majani na gome.

Wanyama wanalijua hili. Mwaka 1987, kwenye Milima ya Mahale mashariki mwa Ziwa Tanganyika, mtafiti Michael Huffman na Mohamedi Seifu Kalunde, Mtongwe aliyezijua dawa za kwao, walimfuatilia sokwe jike mgonjwa, Chausiku. Alivunja matawi machanga ya mtugutu, akamenya gome, akatupa majani, akatafuna kiini cha ndani peke yake, akanyonya maji yake na kutema nyuzi. Baada ya takriban siku moja alikuwa amechangamka. Waliendelea kuwachunguza sokwe wa huko, na ikaonekana tabia hii hutokea zaidi msimu wa mvua, minyoo inapoongezeka, na kwamba mnyama hutafuna kidogo, haendelei siku hadi siku. Maabara ilikuja kueleza kwa nini majani na gome hutupwa: ndiko sumu iliko nyingi. Sokwe anatafuna vijiti vichache na kuondoka. Binadamu anasaga majani kwenye blenda, anajaza glasi, anakunywa asubuhi njaa, siku saba.

Sababu ya pili ni maji. Majani yamepondwa kwa mikono, yakachujwa kwa kitambaa, yakachanganywa na maji ya bomba au ya kisima ambayo hayakuchemshwa. Kuharisha kunakofuata kunasifiwa kuwa "dawa inasafisha tumbo." Inaweza kuwa ni wadudu wa maji tu. Na juisi iliyolala bila friji, hasa joto la pwani, ni hadithi hiyo hiyo.

Sababu ya tatu ni mchanganyiko. Mtugutu na mwarobaini na shubiri katika chupa moja. Likitokea la kutokea hujui umuulize nani.

La kufanya: acha kunywa. Kunywa maji yenye chumvi chumvi za kuongeza maji mwilini, zile za pakiti. Nenda zahanati kama kutapika hakukomi, kuna damu, mkojo umepungua, au mgonjwa ni mtoto. Ukifika, sema ulichokunywa. Watu huficha dawa za kienyeji mbele ya daktari kwa aibu, na daktari anahangaika kutafuta ugonjwa usiokuwepo. Watoto wadogo wasinyweshwe juisi ya majani haya hata kidogo. Miili yao haina nafasi ya kukosea kipimo.

Homa imeshuka, kisha imerudi

Kwa homa ndiko mtugutu umejijengea jina, kuanzia Kagera mpaka Kigoma na ng'ambo ya mipaka. Na sitasema kwamba wazee walikuwa wanajidanganya. Kulifanyika utafiti Uganda, ukachapishwa 2009, wagonjwa wenye malaria isiyo kali wakapewa maji ya majani haya chini ya uangalizi. Karibu theluthi mbili walionekana kupata nafuu kufikia siku ya 14. Lakini damu ilipopimwa, vimelea vilikuwa vimeisha kabisa kwa takriban theluthi moja tu ya hao waliopata nafuu, na kwa wengi wa hao wachache vilikuja kurudi.

Hayo matokeo yanaeleza kisa ambacho kila familia inakijua. Mgonjwa anakunywa, anatoka jasho, anaomba chakula, watu wanasema amepona. Baada ya wiki mbili yuko kitandani tena, na inasemekana ni malaria mpya. Mara nyingi ni ile ile. Homa ilishuka, vimelea vikabaki vikisubiri.

Kwa hiyo, homa ikija, pima kwanza. Kipimo cha haraka cha malaria kinachukua dakika chache na tone la damu. Ikiwa ni malaria, tumia dawa mseto, dozi kamili ya siku 3, hata kama siku ya pili umeshajisikia vizuri. Ikiwa si malaria, inaweza kuwa homa ya matumbo, mapafu au mkojo, na uchungu wa mtugutu hautajua tofauti. Mtoto wa chini ya miaka 5 mwenye homa apelekwe ndani ya saa 24. Akipata degedege, akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu au akiwa mlegevu wa kutoamka, hakuna kusubiri chochote kichemke.

Jasho la baridi, mikono kutetemeka, kizunguzungu

Yakimpata mtu aliyekunywa majani haya, muulize kama ana kisukari na kama anatumia vidonge au sindano. Mara nyingi jibu ni ndiyo. Majani ya mtugutu yameonyesha kushusha sukari kwa wanyama wa maabara, na habari hiyo imesambaa haraka kuliko tahadhari zake. Mtu anameza glibenklamaidi yake asubuhi, au anajidunga insulini, kisha anaongeza glasi ya majani. Vitu viwili vinasukuma sukari chini kwa pamoja, na wala hajala.

Mpe haraka kitu chenye sukari: soda ya kawaida, juisi, maji yenye vijiko vya sukari, kisha chakula. Akiwa hana fahamu usimmiminie kitu mdomoni. Mlaze ubavu na mkimbizeni hospitali. Baadaye, akitaka kuendelea na majani, amwambie anayempa dawa, na awe na kipimo cha sukari nyumbani. Kosa la upande wa pili ni baya zaidi: anayeacha vidonge kwa sababu majani "yameikubali sukari." Sukari ya asubuhi moja ikisoma vizuri haimaanishi ugonjwa umeondoka.

Mboga iliyooshwa na kukamuliwa ni suala tofauti kidogo, maana sehemu kubwa ya uchungu imekwenda na maji. Sahani moja na ugali haijawa dawa. Ila mgonjwa wa kisukari akiila kwa mara ya kwanza, apime.

Mjamzito

Asinywe. Uganda, wakunga wa jadi wameutumia kuharakisha uzazi na kutoa kondo la nyuma, na hilo peke yake linakwambia mti huu unafanya nini kwenye mji wa mimba. Kama alishakunywa na tumbo linabana, au damu inaonekana, aende kituo cha afya saa hiyo hiyo.

Majani yaliyokaushwa yamekuwa meusi, au unga hauna nguvu

Yakiwa meusi, yalikauka polepole, yamelundikana. Tandaza tabaka moja kwenye chekeche au mkeka, kivulini, hewa ikipita, ugeuze. Jua kali linayafanya manjano na kuyapausha. Jani lililokauka linavunjika kwa sauti ukilikunja. Likikunjika tu, bado. Yenye harufu ya ukungu yatupe, usijaribu kuyaokoa kwa kuyachemsha.

Unga wa kununua ni kazi ngumu zaidi, kwa sababu vipimo vyote vya mwanzo, gome, maua, manyoya ya jani, vimesagwa. Hakuna jicho litakalokwambia ni mti gani. Tanzania kuna Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2002, na muuzaji wa halali anapaswa kuweza kuonyesha usajili wake na wa dawa yake. Anayekwambia unga wake unatibu sukari, presha, nguvu za kiume na fangasi kwa pamoja, mpishe.

Kwa walio Ulaya na Marekani, maduka ya Kiafrika huuza majani haya makavu kwenye mifuko, mengi yakitoka Nigeria na Cameroon. Yako ya aina mbili na yanafanana. Yaliyooshwa kabla ya kukaushwa ni ya mboga: loweka kwenye maji moto, kamua, pika. Yasiyooshwa bado yana uchungu wake wote: loweka usiku kucha, fikicha kwa chumvi, badilisha maji mpaka povu lichoke. Mfuko usipoandika ni yapi, tia majani machache kwenye kikombe cha maji ya moto, subiri kidogo, na onja yale maji kabla hujamimina mfuko mzima sufuriani.